Asali Iliyoganda Nyeri

Hapo zamani, lakini si zamani sana kwa kuwa simu zilikwisha kuwa soko, nchi mbili jirani zilipatana asali ya huku na majani ya chai ya kule yavuke bila ushuru. Mpaka ukafunguka. Mioyo ikabaki na komeo.

Muriithi wa Nyeri alitaka kumwoa Wangeci. Kwa kina Wangeci, asali mbichi hutangulia mahari: wazee huionja, na wakiitema, posa imekufa. Muriithi akaagiza dumu moja kwa simu kutoka kwa Bi Kalunde wa Tabora.

Bi Kalunde alijua asali yake huganda penye baridi. Alimshuku mteja, akanyamaza. Akafunga dumu, akatia lakiri.

Saitoti, mwendesha bodaboda wa mpakani, akalipokea ili kulivusha. Alimshuku muuzaji. Akakata lakiri, akakoroga kwa kijiti, akafunika, akanyamaza.

Muriithi akapokea dumu lililofunguliwa, lenye chembe kama sukari. Aliwashuku wote wawili. Hakuuliza. Akaimwaga asali hiyo mtaroni, akanunua dukani asali inayong'aa kama kioo.

Mjomba wa Wangeci akaionja, akaitema. Ilikuwa maji ya sukari.

"Anayetudanganya kwa asali," akasema, "mtoto wetu atamtunza kwa ukweli gani?"

Posa ikafa. Wangeci akawapigia simu wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Mwanangu," akasema Bi Kalunde, "ningemwambia itaganda, angesema natengeneza kisingizio mapema. Wateja wa simu nawajua. Asali yangu ilikuwa safi."

"Dada, mwenzangu alibeba dumu la asali, kumbe ndani mna bangi," akasema Saitoti. "Hadi leo anakula ugali wa serikali. Nisichungulie, kwani mimi ni punda? Hata tone sikulamba."

Muriithi naye akasema, "Lakiri imekatwa, chini kuna chembechembe. Wewe ungempelekea mjomba wako? Niliimwaga kwa ajili ya heshima yako."

"Na kuuliza je?"

"Mwizi huulizwa?"

Wangeci akakata simu. Mjomba anasema mlango umefungwa, ila atausikiliza upande wa Muriithi tena, iwapo mwenye kosa atakuja mwenyewe kuomba radhi mbele ya wazee. Mmoja tu, si kundi.

Haya, ninyi mnaosikiliza na kutazamana kwa pembe za macho: Wangeci amwite nani?