Leza Nne na Mguu wa Korongo

Hapo zamani, zile zamani za karibu ambapo mtu akitaka nyimbo alikwenda kuchomesha CD, palikuwa na mwanamke aitwaye Kokubelwa. Alikuwa na kibanda cha kazi hiyo katika kijiji kimoja cha Bukoba, kando ya bonde la matete. Simu zikaja, nyimbo zikahamia kwenye simu, kibanda kikafa. Kompyuta zake nne akazisukuma chini ya kitanda, na kila mwaka akawa anasema mwaka huu nitazifufua.

Jirani yake alikuwa Ishengoma, fundi baiskeli. Jirani wa pili alikuwa Bibi Kemilembe, mjane, msomaji mkubwa wa magazeti hata yale ya kufungia sukari.

Asubuhi moja korongo, yule mwenye taji la dhahabu kichwani, alinaswa mguu na uzi mweusi wa nyavu huko bondeni. Akaruka nao. Uzi ukajisokota kwenye waya mkubwa wa umeme, ndege akabaki ananing'inia kichwa chini, anapiga mabawa. Mwenzake akawa anazunguka chini na kulia.

Watu wakapiga simu ofisi ya umeme. Wakaambiwa gari liko mbali, litafika kesho kutwa. Mwanamume mmoja akachukua mti mrefu amfikie ndege. Wenzake wakamvuta shati. "Unataka tukuzike leo?"

Kokubelwa akautazama ule uzi kwa muda. Akasema, "Mkono haufiki, mti haufai. Lakini mwanga unafika, na mwanga haupigwi shoti."

"Mwanga gani, dada?" Ishengoma akauliza.

"Ndani ya kila kompyuta yangu kuna mashine ya kuchomea CD, na ndani ya mashine kuna leza. Ni kitu kidogo kama punje ya mtama, lakini ndicho kilichokuwa kikichoma. Ninazo nne. Moja haikati uzi ule. Zote nne zikikutana mahali pamoja, zitaukata."

Akazivunja kompyuta zote nne. Habari ya kuzifufua hakuitaja tena.

Ishengoma akakata bomba la maji vipande vinne, akavifunga kwenye rimu ya baiskeli, kila kipande na skrubu tatu za kukielekeza. Wakatia leza ndani, wakaziunga kwenye betri ya pikipiki, wakajaribu ukutani. Mwanga ukatawanyika, mpana kama sinia, dhaifu.

"Unahitaji lenzi za kuukusanya," Kokubelwa akasema. "Lenzi nne."

Bibi Kemilembe akavua miwani yake ya kusomea. Akaingia ndani, akarudi na miwani ya pili, ya marehemu mumewe Byabato, aliyokuwa ameifunga kwenye leso miaka sita.

"Bibi, nitazisaga pembeni ziingie kwenye bomba," Ishengoma akamwambia. "Hazitarudi kuwa miwani."

"Zisage, mwanangu. Yule ndege hana kesho kutwa."

Mchana wakausimamisha mtambo wao chini, hatua kumi na mbili kutoka alipo ndege. Kokubelwa akawaamuru watu wote wageuke, maana leza ikiingia jichoni hupofusha. Wanawake wanne walioshika shuka chini ya ndege wakainamisha vichwa. Ishengoma peke yake, na miwani yake myeusi ya kuchomelea vyuma, ndiye aliyebaki akitazama.

Akazungusha skrubu. Mwanga wa kwanza ukafika kwenye uzi; uzi haukujali. Wa pili ukafika palepale; uzi haukujali. Wa tatu ukafika. Moshi mwembamba ukatoka. Korongo akapiga bawa, uzi ukayumba, mianga yote ikapita hewani.

Akaanza upya. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndege akayumba.

Akaanza upya. Mara tisa alianza upya, jasho linamwingia machoni, wala hakulifuta. Mara ya kumi ndege alikuwa amechoka, ametulia. Mwanga wa nne ukatua juu ya ile mitatu.

Uzi ukakatika. Korongo akaanguka shukani kama nguo iliyoanuliwa. Kelele za furaha zikapanda, na Kokubelwa akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Kesho yake akaja daktari wa ndege kutoka mjini, mama mmoja aitwaye Nyakato. Akausafisha mguu, akaufunga, akasema, "Ataruka." Kisha akatoa pete ndogo ya bati.

"Hii huvaliwa mguuni. Popote atakapotua miaka na miaka, watu watasoma jina lake. Nataka aitwe kwa jina la aliyemwokoa. Ila zinaingia herufi kumi tu. Niandike nani?"

Ishengoma akajikohoza. "Mimi si mtu wa kujisifu. Lakini leza zikilala chini ya kitanda haziokoi ndege, wala lenzi zikilala kwenye leso. Mara kumi nimelenga, na mpaka sasa shingo haigeuki."

"Fundi, ungelenga nini?" Kokubelwa akamjibu. "Bila wazo langu ungekuwa na bomba la maji. Ningenyamaza, tungesimama pale tukimsikitikia mpaka afe. Na kompyuta zangu je?"

Bibi Kemilembe akasema taratibu, "Mimi sitaki jina langu. Andika Byabato. Lenzi mbili kati ya nne ni zake, na yeye hawezi kujisemea. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja kilichogusa uso wake. Na tangu jana, daktari, sisomi hata kichwa cha habari."

"Magazeti nitakusomea mimi, bibi," Kokubelwa akasema. "Hilo halimo kwenye ubishi."

Wakacheka wote. Chai ikaletwa, ndizi zikaletwa, ubishi ukaendelea mdomo ukiwa umejaa. Korongo alisimama kwa mguu mmoja kwenye kivuli cha gari la daktari, na daktari alikuwa ameshika sindano ya kuchorea, anangoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: kuna aliyewaza, kuna aliyelenga, kuna aliyetoa asichoweza kukipata tena. Herufi ni kumi tu. Je, pete ile ilistahili kubeba jina la nani?