Ushindi wa Mezani

Wapendwa, leo nawapeleka kwenye mashindano. Si ya mpira. Si ya kwaya pia, hayo ninayo ya kutosha humu ndani. Nawapeleka kwenye mashindano ya viroboti vinavyopigana. Nimesema viroboti, mama, sikusema viroboto. Acha kujikuna.

Ni mashine ndogo, ukubwa wake kama pasi ya umeme. Ina magurudumu, ina betri, ina silaha: wengine huweka chuma kinachozunguka, wengine nyundo. Mwenye nayo husimama nje ya kizimba cha plastiki ngumu, anaona ndani kama mtu aliye dirishani, anaiendesha kwa rimoti. Zinaingia mbili, zinagongana, na itakayoganda mpaka mwamuzi ahesabu kumi, hiyo imeshindwa. Ndiyo mchezo wenyewe.

Na mchezo huo una kanuni. Utakosaje kuwa nazo? Uzito una kikomo chake, ili jirani asikuletee trekta. Silaha hufungwa kwa pini mpaka mlango wa kizimba ufungwe, kwa sababu chuma kile hakijui tofauti ya roboti na kidole chako. Lazima roboti iwe na taa ndogo ya kuonyesha kama imewashwa, mtu asije akainua kitu kilicho hai akidhani kimekufa. Hakuna moto, hakuna gundi, hakuna wavu wala uzi wa kumnasa mwenzako. Mimi sizipingi kanuni hizi. Aliyezitunga alitaka watu wapigane vizuri, kisha warudi nyumbani na vidole vyao vyote.

Basi, kulikuwa na kaka na dada yake. Nitawapa majina ya Rungwe, kwa kuwa humu sina mshirika wa kutoka huko, asije mtu akanifuata baada ya ibada na kuniambia, "Mchungaji, leo umenisema." Kaka tumwite Ambakisye. Dada yake, Tusajigwe.

Tusajigwe ndiye aliyeijenga roboti yao. Bodi aliikata kwenye sufuria kuukuu la alumini, silaha akaitengeneza kwa kisu cha mashine ya kukatia majani, akaipiga msasa mpaka ikang'aa. Ambakisye alikuwa mwendeshaji. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye rimoti, lakini sifa yake kubwa ilikuwa nyingine: alizijua kanuni. Alizikariri kama mtoto wa kipaimara anavyokariri katekisimu kwa hofu ya mzee wa kanisa. Ukimwamsha usingizini ukamuuliza kanuni ya betri, anakujibu kabla hajafumbua macho.

Ikafika siku ya mashindano ya mkoa. Mpinzani wao wa kwanza alikuwa mwalimu wa fizikia pamoja na wanafunzi wake, wasichana wa sekondari. Wasichana wale walikuwa wameipaka roboti yao rangi nzuri ya zambarau, na rangi, wapendwa, ina uzito. Ikawekwa kwenye mizani, sindano ikapita mstari kwa unene wa unywele.

Yule mwalimu akasema, "Tunaomba dakika chache tu, tuikwangue rangi. Watoto wamehangaika sana."

Ambakisye akainua mkono. "Mwamuzi, pingamizi. Muda wa kupima umekwisha. Kanuni ni kanuni."

Tusajigwe akamvuta kaka yake pembeni. "Kaka, waache wakwangue. Mimi nataka tupigane."

"Tupigane kwa nini, wakati tumeshashinda?"

"Nataka nijue kama itashika. Nimeifunga kwa mikono yangu, lakini haijawahi kugongwa."

"Mdogo wangu, roboti nzuri kama hii unataka ikwaruzwe bure?"

Akapewa ushindi. Ule tunaouita ushindi wa mezani. Wasichana wakaibeba roboti yao ya zambarau kama wanabeba mgonjwa, wakaenda kukaa nyuma.

Mpinzani wa pili alikuwa fundi redio mstaafu. Taa yake ndogo iliungua palepale kwenye meza ya ukaguzi, na taa nyingine iko kwenye begi, hapo chini ya kiti chake. Mzee akainama kuifungua zipu. Kabla zipu haijafika mwisho, mkono wa Ambakisye ulikuwa juu. Mezani tena.

Mnacheka? Chekeni sasa, maana baadaye hamtacheka.

Ikaja fainali. Safari hii kijana mmoja kutoka chuo cha ufundi alikuja na roboti isiyo na kasoro ya uzito, ya taa wala ya pini. Ila mama yake alikuwa ameifunga utepe mwekundu juu yake, kumtakia heri. Roboti zikaingia kizimbani. Mlango ukafungwa. Tusajigwe akavuta pumzi, akasema moyoni, hatimaye. Ndipo Ambakisye akainua mkono.

"Pingamizi. Ule utepe. Uzi na kamba vimekatazwa."

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mhandisi, amesimama tangu asubuhi, miguu imemvimba. Akamgeukia Ambakisye.

"Utepe huo umeuona lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na ukanyamaza?"

"Kanuni haisemi kwamba lazima nimwambie."

Yule mama akafumba macho kama mtu aliyemeza dawa chungu. Angefanya nini? Kanuni ilikuwa upande wa Ambakisye. Akasema, "Ushindi nakupa. Pongezi sikupi."

Ambakisye akachukua kombe bila roboti yake kusogea hata hatua moja. Nyumbani majirani wakaja kulitazama. Waliipapasa ile roboti, wakaikuta inang'aa, haina hata mkwaruzo, wakasema, "Kweli huyu ni bingwa! Amepigana mkoa mzima na hakuna aliyemgusa!" Naye hakuwasahihisha. Ni tamu sana kusifiwa kwa vita usivyopigana. Wanaojua utamu huo humu ndani ni wengi.

Tusajigwe peke yake ndiye aliyekosa raha. Kila alipopata nafasi alimwomba, "Kaka, tuigonge hata kwenye ndoo ya chuma. Tuirushe hata kutoka kwenye stuli." Kaka akamjibu kwamba roboti ya bingwa haigongwi na ndoo.

Ikafika siku ya mashindano ya taifa. Wakapangiwa mama mmoja mpole, mfinyanzi wa vyungu, na roboti yake, wapendwa, ilikuwa inatia huruma. Imepondeka ubavuni. Viraka juu ya viraka. Gurudumu moja limetengenezwa kwa soli ya kandambili. Ilionekana wazi kwamba imepigwa katika kila mji iliopita, na kila ilipopigwa mwenyewe alikaa chini akaitengeneza.

Ambakisye akaizunguka roboti ile asubuhi nzima akitafuta kosa. Akachungulia mizani: uzito sawa. Taa inawaka. Pini ipo. Uzi hakuna, gundi hakuna. Akainama, akainuka, akainama tena, mpaka yule mama akamuuliza kwa upole, "Baba, umepoteza kitu?"

Mwamuzi akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?"

Ambakisye akajibu, "Sina."

"Basi piganeni."

Zikaachiwa. Ile yenye viraka ikaja ikichechemea kwa gurudumu lake la kandambili, ikaigonga ya Ambakisye mara moja. Wala si kwa nguvu. Mtoto angesukuma vile. Roboti ya bingwa ikaganda katikati ya kizimba, taa imezimika, ule mng'aro wake wote haukusaidia kitu. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Ambakisye akabonyeza rimoti, akaibonyeza tena, akaitikisa, akaipigapiga pajani. Ilipofika nane, akafanya kitu pekee alichokuwa amejizoeza kufanya. Akainua mkono.

"Pingamizi!"

Mwamuzi akamwangalia. "Mpinzani wako amevunja kanuni?"

"Ndiyo!"

"Amefanya nini?"

Ambakisye akafungua mdomo, akatafuta, akatafuta, na kilichotoka ni neno moja. "Amenipiga!"

"Ndiyo mchezo wenyewe, ndugu yangu," mwamuzi akasema. "Tisa. Kumi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tusajigwe hakucheka. Aliingia kizimbani, akaibeba roboti yake, akaifungua mfuniko palepale sakafuni. Waya wa betri ulikuwa umechomoka. Haukukatika, haukuungua. Umechomoka tu kwa sababu haukufungwa vizuri, kitu cha kubana kwa kipande cha waya mwingine, kazi ya kufumba na kufumbua.

Kaka yake akachuchumaa kando yake. "Kosa dogo hivi! Mbona hukuliona?"

"Ningelionaje, kaka?" Sauti yake ilikuwa inakatika. "Halionekani kwa macho. Linaonekana ukigongwa. Mtu yeyote kati ya wale uliowatoa angetuonyesha, na tungeenda nyumbani tukarekebisha. Uliwatoa wote."

Ambakisye akaiweka rimoti chini, akamshikia dada yake mfuniko.

Sasa, wapendwa. Nilisema hamtacheka.

Nimechoka. Niruhusuni niseme hivyo, mchungaji wenu naye ni mtu. Nimechoka kusikiliza mapingamizi. Fulani asiongoze maombi, alichelewa mara mbili. Fulani asishike kipaza sauti, mume wake bado anakunywa. Mtoto wa fulani asibatizwe mpaka wazazi wakamilishe hiki na kile. Watu wananishika mkono pale mlangoni, badala ya kunitakia amani wananitajia jina. Na jambo linalonikera zaidi, mara nyingi mko sahihi! Kanuni iko upande wenu kabisa. Rangi kweli ilizidi uzito. Utepe kweli ulikuwa pale. Lakini niambieni, tangu lini tumeuona utepe huo, na kwa nini tulingoja mlango ufungwe ndipo tuseme? Kama nia yetu ilikuwa kumsaidia ndugu, si tungemnong'oneza asubuhi?

Tumewatoa watu mpaka tukabaki peke yetu uwanjani, tunang'aa. Tunasema huo ni utakatifu. Je, una hakika? Au ni kwamba imani yako haijawahi kugongwa na kitu chochote? Umesamehe lini jambo lililokuuma kweli? Umekaa lini na mtu anayekukera, ukavumilia mpaka ukagundua mahali unapolegea wewe? Yule jirani yako mgumu kwenye benchi, ambaye ungependa ahamie dhehebu jingine, huenda ndiye aliyeletwa akugonge kidogo leo, ukiwa bado una muda wa kurejea kwenye meza ya fundi.

Maana kugongwa tutagongwa. Ugonjwa hauombi ruhusa ya mzee wa kanisa. Msiba hauulizi kadi yako ya ushirika. Na nimekaa kando ya vitanda vya watu waliokuwa mabingwa wa kanuni humu, nikawasikia wakisema, "Mchungaji, kwa nini mimi? Mimi sikukosa kitu!" Wamepigwa, na wanainua mkono kupinga, kana kwamba mtu amewavunjia kanuni. Nani alituahidi kizimba kisicho na mpinzani?

Sisemi tuzifute kanuni. Asiondoke mtu hapa akasema mchungaji amefuta kanuni. Ziliwekwa ili tupigane vita vyetu na kubaki na vidole. Hazikuwekwa ili tusipigane kamwe.

Kuna dada alikuwa anaimba sauti ya pili pale, karibu na ile nguzo. Mnamjua. Sitamtaja, na hakuna haja, kwa kuwa nawaona mnavyogeuza shingo. Tulimtoa kwaya kwa pingamizi, na pingamizi lilikuwa halali, nililipokea mimi mwenyewe kikaoni. Tangu hapo hajaonekana. Wiki hii nimesikia mtoto wake anaumwa, na hakuna mtu kutoka kanisa hili aliyebisha hodi kwake.

Tukitoka hapa naenda kwake. Sitaki kamati. Sitaki mtu wa kwenda kumwonya, wala wa kunieleza tena alichokosa. Nataka mtu wa kwenda kukaa naye, asemwe vibaya ikibidi, afokewe mlangoni, avumilie, na kesho arudi tena.

Nani anakuja na mimi?

Msiangalie chini. Nimeuliza. Nani anakuja?