Tangi la Mzee Songoro

Tangi lisilopumua halitoi. Ndilo neno alilowaachia shangazi yenu Mwavita sasa hivi, akafungua kanga ya kiunoni, akaingia chumbani kulala mchana kweupe na masufuria yote haya yamejaa ukoko. Nanyi mkabaki mnatazamana. Mmoja akacheka, mwingine akaniuliza, "Bi Tatu, tangi gani tena?" Haya, sogeeni. Neno hili halikuokotwa njiani. Lina siku yake na mahali lilipozaliwa, nami nilikuwepo, nimepakata bakuli la kachumbari.

Babu yenu, Mzee Songoro, alikuwa karani wa stesheni hapa Kigoma. Alipostaafu, wenzake walinunua mashamba. Yeye akanunua boti. Si ya kuvulia dagaa wala ya kubebea abiria, la, boti ya kutembea tu! Alipoipata ilikuwa imeshachoka, rangi imebanduka, na injini yake ya kuvuta kwa kamba ilikuwa na umri sawa na Mwavita. Marehemu mama yetu aliiita mke mwenza. "Leo zamu ya nani?" alikuwa akimwuliza baba kila Jumapili. "Yangu, au ya mwenzangu wa ziwani?" Baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Mama alipotangulia mbele ya haki, mzigo wa nyumba ulimwangukia Mwavita, kifungua mimba. Sisi wadogo alitulea yeye. Kisha baba akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na mguu ukakataa. Miezi saba Mwavita alimlisha kwa kijiko, akamfulia, akamshika kiuno akijifunza kutembea upya hapa uani. Ukimwambia, "Dada, kaa kidogo," anakujibu, "Nikikaa mimi atasimama nani?" Nasi, Mungu atusamehe, jibu lile tulilikubali upesi kwa sababu lilitufaa.

Kaka yetu Sudi ndiye aliyekuwa akiiangalia boti wakati wa ugonjwa, na ilishamchosha. Siku moja akamwambia baba, "Mzee, hii injini ni ya kusukumasukuma tu. Yuko mtu Ujiji anaitaka avunje vipuri. Tumpe, tupumzike."

Baba akasema, "Nina nadhiri. Nilipokuwa kitandani nilimwahidi Mungu kwamba nikifika ufukweni kwa miguu yangu, nitawapakia wanangu wote, tukale mchangani kule nyuma ya rasi, tumshukuru. Nitimize hilo. Boti ikitufikisha, inabaki. Ikishindwa, Sudi, mpe mtu wako."

Mwavita alikuwa anamkunjia baba shuka, anasikia. Na yeye ndiye aliyekuwa amemshika kiuno siku zote zile, akamsikia akijipangia: leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kwenye mpapai, kesho kutwa mpaka barabarani. Mwisho wa safari ile ulikuwa boti. Aliogopa kwamba boti ikiuzwa, baba hatakuwa na pa kutembea kwenda, na atarudi kitandani.

Basi Jumapili ilipofika, Mwavita alitaka kila kitu kiende sawa. Alipika pilau, akakaanga samaki wa migebuka, akapanga sahani, akampaka baba mafuta miguuni. Akatangulia kwenye boti kufuta viti. Hapo akanusa petroli. Tangu augue, baba alikuwa hawezi harufu ile, ilimpa kichefuchefu. Tena pilau litakaa ubavuni mwa tangi! Mwavita akaliangalia lile tangi jekundu, akaona juu ya kifuniko chake kuna kiskrubu kidogo kimelegea. Akakikaza. Akakikaza tena kwa ncha ya kanga, mpaka kikagoma. Harufu ikapungua, naye akaridhika.

Baba alikuja kwa miguu yake. Watu wa ufukweni walisimama kumwona. Sudi akavuta kamba, injini ikaitika, tukaondoka tukiimba.

Hatukumaliza wimbo wa pili. Injini ikakohoa, ikazima. Sudi akabadilisha plagi, akachomoa mpira wa mafuta akaupuliza, akaurudisha, akavuta. Ikawaka. Tukashangilia. Mwendo wa robo saa, ikazima tena. Akachomoa, akapuliza, akavuta mpaka shati likalowa, ikawaka. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Mwavita alikuwa akipita huku na huku ndani ya boti, anampepea baba, anampa Sudi kitambaa, anawafunika wadogo jua. Hakukaa.

Ilipozima mara ya tatu rasi tulikuwa tunaiona kabisa. Upepo umeanza kuturudisha nyuma. Sudi alitupa spana sakafuni.

"Mzee, mimi basi. Nilisema mimi!"

Baba aliitazama ile rasi. Mdomo wake, uliokuwa bado umepinda kidogo, ukatetemeka. "Basi," akasema. "Chukueni kasia turudi. Kesho mpe mtu wako."

Mwavita alisikia maneno yale kama msiba. Akainama haraka kuliokota sufuria la pilau, maana boti ilikuwa inayumba, na mkono wake ukagusa tangi. Akashtuka. Tangi lilikuwa limebonyea. Mbavu zake zimeingia ndani, huku na huku, kama mashavu ya mtu anayenyonya ukwaju. Na kile kipira cha kubonyeza, kinachopandisha mafuta, kilikuwa kimenywea.

Akakumbuka kiskrubu.

Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alitamani kunyamaza. Yeye, Mwavita, asiyekosea hata chumvi! Ndiye aliyeharibu nadhiri ya baba mbele ya wadogo zake. Lakini akamwona baba amegeuza uso upande wa maji ili tusione machozi, akashindwa.

"Baba," akasema, "nimekaza kitu hapa. Asubuhi. Nilihofia harufu isikuchafue roho."

"Umekaza nini?"

Mwavita akashika kiskrubu, akakilegeza. Tangi likavuta hewa, fyuuuuu! Mbavu zikaruka nje kwa kishindo, pu! Wadogo wakapiga yowe.

"Lahaula!" Sudi akashika kichwa. "Nimebadilisha plagi, nimepuliza mpira, kumbe boti imezimwa na mpishi!"

"Nyamaza, Sudi," baba akasema. Kisha akamgeukia Mwavita, ambaye alikuwa amepiga magoti pale sakafuni, uso ameuficha kwenye kanga. "Mwanangu, kile kitundu cha kiskrubu ni pua yake. Kila linapotoa mafuta, lazima livute hewa. Ukiliziba litatoa kidogo, litajikaza, litajibonyeza lenyewe, mwisho halitoi tena, hata kama limejaa. Tangi lisilopumua halitoi."

"Nisamehe, baba," akasema Mwavita, akiinua uso. "Nitakuwa mwangalifu."

Baba alikuwa anayatazama mashavu ya binti yake, na mifupa ya mabega iliyotokeza kwenye gauni. Nafikiri siku ile ndipo alipomwona.

"Na wewe," akasema polepole, "nani amekuziba?"

Mwavita hakuelewa.

"Miezi saba nakula mkononi mwako. Sikukuuliza hata siku moja kama umelala. Ninakwenda kumshukuru Mungu kule mchangani, na aliyemtuma kunihudumia nimempakia kama mzigo, apepee watu." Akanyoosha mkono, ule ule wa kulia, ukipanda kwa shida, akamwekea kichwani. "Asante, mama. Asante sana, mama yangu. Nilichelewa kusema."

Basi hapo Mwavita akalia, akalia kwa sauti, sisi sote tukalia naye, mpaka Sudi. Kisha Sudi akajifuta pua, akabonyeza kile kipira mpaka kikajaa, akavuta kamba mara moja tu. Injini ikawaka na haikuzima mpaka mchangani.

Kule baba alimtandikia Mwavita mkeka kwa mkono wake mmoja. Aliponyanyuka kupakua, baba akamwambia, "Kaa! Leo tutakula kwa mkono wa Sudi." Sudi akapakua, akamwaga nusu, mimi nikaosha sahani ziwani. Mwavita alilala tangu adhuhuri mpaka alasiri, na hakuna mtu aliyemwamsha. Alipoamka alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba dada yangu ana mwanya.

Boti haikuuzwa. Baba aliitembelea miaka tisa zaidi kwa miguu yake, Mungu amrehemu. Sasa iko nyuma ya banda, kuku wanatagia ndani. Lakini Mwavita ameshika neno lile mpaka leo. Akihisi mbavu zinaanza kuingia ndani, hangoji kuulizwa.

Ndiyo, inukeni. Mchanga wa kusugulia uko pale. Ila taratibu na hayo masufuria, msiyagonganishe, shangazi yenu amelala. Tangi lisilopumua halitoi.