Kulwa na Doto Ndani ya Kompyuta Moja

Hadithi hii ni ya wenye watoto, na ya wale wanaofundisha watoto wa wenzao. Ukimaliza kuisoma, usikae nayo peke yako.

Huko Usukumani palikuwa na mwalimu wa sekondari aliyeitwa Nkwabi. Alipenda kompyuta, na alipenda wanafunzi wake zaidi. Masomo yakiisha, alikutana na klabu yake katika chumba kidogo kilichowahi kuwa stoo ya majembe, wakawa wanafungua mashine mbovu na kuzifunga tena.

Klabu ilikuwa na kompyuta moja tu, tena nzito. Ukifungua gemu la mpira, muziki unakatika. Ukiwasha muziki, anayeandika anabaki kuisubiri kila herufi. Kila jioni watoto waligombania nani aanze.

Siku moja ofisi fulani mjini ilitupa mashine zake za zamani. Mwalimu Nkwabi aliomba masalia, na ndani ya moja alikuta bodi kubwa yenye nafasi mbili za prosesa. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na bodi ile ilitaka mbili zifanye kazi kwa pamoja.

"Tutaijenga wenyewe kwa hivi hivi tulivyo navyo," aliwaambia watoto. "Moja ikihangaika na gemu, nyingine itafanya hayo mengine. Kisha tutazisukuma ziende kasi kuliko zilivyopangiwa kiwandani."

Fundi wa madawati aliwatengenezea kasha la mbao. Feni ilipatikana moja, wakaifunga mbele ya kasha. Prosesa mbili zikakaa nyuma ya feni, moja ikiifuata nyingine.

Katika klabu hiyo walikuwamo wasichana mapacha, watoto wa mkulima wa pamba. Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto, na hawa waliitwa hivyo hivyo. Kulwa alikuwa mwepesi. Swali halijaisha, mkono wake uko juu. Doto alikaa dawati la nyuma yake, na kila alipoulizwa jambo alitazama kwanza kisogo cha dada yake.

"Mwalimu, hizi nazo ni mapacha," alisema Masunga, mtani wa klabu, siku walipozipachika zile prosesa. "Ya mbele ni Kulwa, ya nyuma ni Doto."

Wote walicheka, hata mapacha wenyewe. Kulwa alichukua makapeni, kalamu ya wino usiofutika, akaandika K juu ya ile ya mbele na D juu ya ile ya nyuma, kabla ya kuzipaka dawa nyeupe ya kupitisha joto na kuzifunika kwa vyuma vyake vya kupozea.

Kompyuta iliwaka vizuri. Shida ilianza walipoanza kuisukuma. Mwalimu aliongeza kasi kidogo, kisha kidogo tena, huku skrini ikionyesha joto la kila prosesa. Ya mbele ilitulia. Ya nyuma ilipanda, ikapanda, namba ikawa nyekundu, mashine ikajizima.

"Doto kazima," alisema Masunga.

Siku hiyo Doto alicheka pamoja nao. Lakini kesho yake mashine ilijizima tena, na kesho kutwa tena, na kila mara ilikuwa ile ya nyuma. Utani ukatoka nje ya klabu. Kwenye bomba la maji wakamwuliza, "Vipi Doto, umezima?" Darasani akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, sauti ilitoka nyuma: "Msubirini, anapoa."

Doto akaacha kucheka. Halafu akaacha kuja klabuni. Jioni alikaa barazani na mkoba wake, akimsubiri Kulwa amalize waende nyumbani.

Mwalimu Nkwabi aliukataza utani ule. Ila moyoni mwake alikuwa na wazo ambalo halikuwa mbali nao sana. Kwa muda mrefu alimwona Doto kuwa mtoto mzuri lakini mzito, na alikuwa amepanga ahamishiwe mkondo B, wanakofundishwa wanaokwenda polepole. Si adhabu, alijiambia, ni kumpunguzia mzigo. Alikwisha mwita baba yao aje Ijumaa wakubaliane.

Habari kama hiyo haifichiki shuleni. Kulwa alimfuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Ni kweli tutatenganishwa?"

"Marahaba. Mtakuwa mnaonana wakati wa mapumziko, mwanangu."

"Hatujawahi kukaa vyumba viwili."

Mwalimu alivuta madaftari ya kusahihisha yaliyokuwa mezani. "Nenda kaisafishe ile mashine," alisema. "Ina vumbi. Toa vyuma, futa, paka dawa upya, urudishe kama ilivyokuwa."

Kulwa alikwenda. Siku mbili tatu zilizofuata mashine iliendelea kujizima, na kila mara ilikuwa ile ya nyuma.

Alhamisi mwalimu aliikusanya klabu. Doto alibaki barazani kama kawaida, ila mlango ulikuwa wazi na kila neno lilimfikia.

"Tumehangaika vya kutosha," alisema mwalimu. "Prosesa ya nyuma ni mbovu. Leo tunaitoa. Tutabaki na moja, gemu tutazipunguza."

Akaiwasha mashine kwa mara ya mwisho, akaisukuma. Ya mbele ikatulia. Ya nyuma ikapanda hadi nyekundu, skrini ikawa nyeusi.

"Doto kazima," mtu mmoja alinong'ona.

Mwalimu aliinua kile chuma cha nyuma. Akachukua kitambaa, akaifuta dawa nyeupe ili aihifadhi prosesa ikiwa safi. Chini ya dawa pakatokea herufi. Akasogea dirishani, akafuta tena.

Ilikuwa K.

Akafungua ile ya mbele, ile iliyotulia siku zote. Ilikuwa D.

"Nani amezibadilisha hizi?"

Kulwa akasimama. "Mimi, mwalimu. Siku ile uliponituma nisafishe."

"Kwa nini?"

Kulwa alitazama sakafu. "Nilijua mbovu ni ile yenye D. Nikasema, nikiihamishia mbele, ya mbele ndiyo itakuwa inazima. Basi watasema Kulwa kazima. Nilitaka wanicheke mimi, Doto apumzike. Lakini haikuwa hivyo. Nimeiweka mbele, haijazima hata siku moja. Sasa mimi mwenyewe sielewi."

Masunga alikuwa akikwangua meza kwa ukucha, hainui macho.

Mwalimu aliziangalia zile prosesa mbili kwenye viganja vyake. Ile iliyoitwa hodari ilikuwa imeshindwa kila siku tangu ikae nyuma. Ile waliyoicheka ilikuwa imekaa mbele ikifanya kazi yake vizuri, na hakuna aliyeisifu kwa sababu hakuna aliyejua. Alizirudisha kila moja mahali alipoikuta.

"Nendeni nyumbani," alisema kwa upole. "Kesho nitauliza kwa nini."

Ijumaa baba yao alifika kwa baiskeli, amevaa shati lake la kanisani, na mwalimu akampokea katika chumba cha klabu.

"Nimeitikia wito, mwalimu. Nani kaharibu?"

"Hakuna aliyeharibu, Baba Kulwa. Karibu ukae. Naomba nikuulize jambo. Kule nyumbani, ukitaka kujua kitu kwa hawa watoto, unamwuliza nani kwanza?"

Mkulima alifikiri. "Kulwa. Akishajibu, huwa amejibu kwa wote wawili." Akacheka kidogo. "Tangu wazaliwe ni hivyo. Hata mimi ni Baba Kulwa, kama ulivyoniita. Sijasikia mtu akiniita Baba Doto."

"Hata hapa kwangu ni hivyo hivyo," alisema mwalimu, na yeye hakucheka.

Akamwagiza mtoto aliyekuwa akipita amwite Doto, peke yake.

Doto aliingia na mkoba umejaa hadi unataka kupasuka. Alipomwona baba yake alijua jambo limekwisha amuliwa.

"Nimefungasha madaftari yangu, mwalimu," alisema. "Nimeambiwa mkondo B madawati yapo."

"Yaweke chini kwanza. Nina swali moja, nalo ni lako. Kwa nini prosesa ya nyuma inachemka, hata tukiweka hii, hata tukiweka ile?"

Doto alitazama mbele yake, alikozoea kukuta kisogo cha Kulwa. Hapakuwa na mtu.

Baba yake akaanza kuona aibu. "Mwanangu, sema basi kitu, mwalimu ana—"

Mwalimu alimgusa mkono. "Mwache, mzee. Hatuna haraka."

Nje kengele ya mapumziko ikagongwa. Watoto wakamiminika uwanjani, kelele zikajaa, zikapoa. Mwalimu hakulirudia swali, maana kulirudia ni kuharakisha.

Doto akasogea mezani. Akaiwasha kompyuta. Akaweka kiganja mara tu baada ya feni, akakiacha hapo. Kisha akakisogeza katikati ya zile prosesa mbili, akakiacha hapo pia.

"Hapa upepo ni wa baridi," alisema. "Na hapa ni wa moto."

"Endelea."

"Upepo unaingia kwa mbele. Unapita kwanza kwa yule wa kwanza, unachukua joto lake. Ukifika kwa wa pili umeshatumika." Alifikiri kidogo. "Wa nyuma si mbovu, mwalimu. Hajawahi kupata upepo wake mwenyewe."

Mwalimu Nkwabi alilazimika kuvua miwani na kuifuta.

Doto hata hakumwona. Neno la kwanza lilikuwa limefungua njia, na mengine yalikuwa yanakuja. Aliomba mkasi. Alichukua boksi la chaki lililokuwa tupu, akakata ukuta wa karatasi ngumu, akausimamisha ndani ya kasha ili upepo wa feni ugawanyike: nusu uende kwa wa mbele, nusu upite pembeni moja kwa moja hadi kwa wa nyuma. Kila alichokata alikieleza. Alikosea kipimo mara moja, akajisahihisha bila kumwomba mtu radhi.

"Sasa isukume, mwalimu."

Mwalimu aliongeza kasi, akaongeza tena, akafika pale ambapo mashine ilikuwa inakufa kila siku. Namba mbili zilipanda kwenye skrini zikiwa zimekaribiana, kisha zikasimama. Akafungua gemu la mpira. Akawasha muziki. Akafungua ukurasa na kuandika, na herufi zikatoka pale pale alipozigusa.

Baba yao hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyekuwa bado anaeleza.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "huyu anazungumza."

"Ndiyo, mzee."

"Sijamsikia hivi tangu azaliwe. Sauti yake ni ya bibi yake kabisa."

Ndipo wakasikia kishindo kidogo dirishani. Kulwa alikuwa amesimama nje juu ya tofali muda wote huo, amejiziba mdomo kwa viganja viwili asije akajibu kwa niaba ya mtu, na sasa tofali lilikuwa limeteleza chini ya miguu yake. Akainuka akijipangusa vumbi, anacheka na machozi yanamtoka.

"Baba Doto," alisema mwalimu, "nilikuita tuzungumze juu ya mkondo B. Nilikosea. Naomba tuyaache."

Mkulima alilipokea jina lile la Baba Doto polepole, kama mtu anayejaribu kofia mpya, akaona inamkaa.

"Nawe, binti, rudisha madaftari yako darasani. Kuanzia leo hukai nyuma ya Kulwa. Na maswali mengine nitayaanzia kwako."

Doto alibeba mkoba wake. Mlangoni akasimama, akageuka.

"Na nikichelewa kujibu, mwalimu?"

"Nitasubiri," alisema Mwalimu Nkwabi.

Funzo: Kabla hujamwita mtoto mzito, angalia umemkalisha nyuma ya nani; huenda hana upungufu wowote, ila kila kitu humfikia kikiwa kimeshatumika.