Radhi ya Ummu Yusra

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mjane mchamungu aliyeitwa Atika. Alisokota sufu miaka kumi na mitatu hadi akapata masurufu ya Hija. Siku ya msafara kuondoka, alipita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, kama ilivyo ada ya waendao Makka. Katika kila mlango alisema maneno yale yale: kwamba wamsamehe kwa yote aliyowakosea. Nao wakamsamehe na kumwombea. Mmoja akamfungia tende katika kitambaa.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa jirani yake, Ummu Yusra, aliyekuwa akikanda unga. Atika, miguu ikiwa imemchoka, akayarudia maneno yake. Ummu Yusra hakuinua uso.

"Yale usiyoyakumbuka, dada yangu, nimekusamehe yote," akasema. "Lakini lipo unalolikumbuka. Hilo litaje."

Atika akaketi kizingitini. Mwaka uliopita, wanawake wa upande wa kijana aliyemposa Yusra, binti wa jirani huyo, walimjia kuulizia tabia za binti, naye Atika siku hiyo alikuwa na wivu, kwa kuwa binti yake mwenyewe alikuwa hajaposwa. Hakusingizia kitu. Alishusha pumzi tu, akasema kwamba kila mtu ana mambo yake. Wanawake wale wakatazamana, wakaaga. Posa ikavunjika, na uvumi ukaenea: huyu akasema binti ni mgonjwa, yule akasema ana mkono mrefu. Neno lenyewe lilikuwa tupu, kwa hiyo kila aliyelisikia alitia lake.

Akayaeleza hayo kwa sauti ndogo, bila kujitetea. Ummu Yusra akalia, unga ukiwa umemjaa mikononi.

"Nilijua ni wewe. Nilingoja uniambie mwenyewe. Sasa nenda kawaambie na wanawake wale unayoyajua juu ya mwanangu, moja moja."

Nyumba ya watu wale ilikuwa mwisho wa mji. Huko Atika alieleza kwamba Yusra humwogesha bibi yake kipofu kila asubuhi, kwamba hajapata kumsikia akisengenya, na kwamba lile neno lilitokana na wivu wake yeye Atika. Kijana wao alikwisha oa. Mama yake alisema tu kwamba atakwenda kumweleza ukweli kila mtu ambaye yeye mwenyewe alimwambia vingine.

Atika alipotoka, msafara ulikuwa umeshaondoka. Alirudi akijikokota. Ummu Yusra alikuwa akimsubiri nje. Akammiminia maji akanawa miguu, akampa mkate wa moto.

"Hija yangu imenipita," Atika akasema.

"Mola akikupa umri, utakwenda mwakani. Lile ulilolisema juu ya Yusra wangu, nimekusamehe."

Ndugu zangu, tukichoka huwa tunapenda maneno mapana, kwa kuwa kuyatamka hakutuumizi. Nayo yanafaa kwa makosa tuliyoyasahau. Lakini lile tunalolikumbuka lina mtu wake, na huenda naye amechoka kungoja. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa kulitaja mbele yake angali hai.