Moto wa Joka Mlangoni pa Bi Kirembwe

Paukwa!

Mbona kimya? Kama mmelala, niende zangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo.

Zamani, zamani sana, palikuwa na himaya iliyoabudu joka. Iliteka mabonde, ikateka misitu, ikateka na visiwa. Haikutanguliza mkuki. Ilitanguliza chetezo.

Ndani ya chetezo mlikuwa na kaa la moto kutoka hekalu la joka. Kaa hilo likiwasha jiko la kijiji, basi, kijiji ni cha joka. Kila nyumba inatoa mtoto mmoja akalifagie hekalu. Aliyekwenda kufagia hakurudi.

Lakini joka lilikuwa na sheria zake. Moto wake ulishwe makaa ya hekaluni tu. Na mbeba moto asivuke kizingiti mpaka aambiwe karibu. Ukimfukuza, askari wanachoma kijiji.

Asubuhi moja mbeba moto na askari wake wakafika kijiji cha mbali kabisa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Kirembwe, mzee wa kijiji, aliyebakiwa na mjukuu mmoja tu, Siyawezi.

"Hodi!"

Bi Kirembwe akachungulia. Akaona chetezo. Akaona na kikapu cha makaa, kimebaki vipande na vumbi. Akamsukuma Siyawezi nyuma yake, akasimama mlangoni.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Hodi!"

"Habari za safari?"

"Njema. Hodi, bibi!"

"Na joka, halijambo?"

Mbeba moto akashtuka. Hilo hakuwahi kuulizwa. Na asipojibu, amelidharau joka.

"Halijambo."

"Mafua yake?"

"Joka halina mafua!"

"Na moto wote ule puani? Maskini. Mama yake je?"

Fuu! Fuu! Mbeba moto akapuliza kaa, akaongeza kipande.

"Bibi, sema karibu!"

"Niseme karibu na salamu sijamaliza? Joka likisikia limesalimiwa nusu, nani atalaumiwa, mimi au wewe?"

Mbeba moto akarudi kupuliza kaa.

Bi Kirembwe akawageukia askari. "Wewe, mama yako hajambo? Na wewe, kwenu kumevunwa?" Askari hawakuwa wameulizwa habari za kwao tangu waanze safari. Wakafunguka! Mmoja akaeleza mguu wa shangazi yake tangu ulipovimba mpaka ulipopona.

Fuu! Fuu! Kipande cha mwisho.

"Ulikuwa mguu gani?" akauliza Bi Kirembwe.

"Wa kushoto, bibi. Ila na wa kulia nao..."

Fuu! Fuu! Fuu!

Psss.

Kaa limezimika.

"Karibuni, wanangu!" akasema Bi Kirembwe. "Karibuni sana! Uji upo."

Mbeba moto akaingia, akaketi, akashika kichwa. Arudi akaseme ameshindwa na salamu? Watamkata shingo. Akanywa uji. Akaomba tena. Alipofika kwao akapiga magoti mbele ya mfalme.

"Mtukufu, nimefika mwisho wa dunia. Mbele ya pale ni ukungu mtupu."

Mfalme akafurahi mno, maana sasa dunia yote ilikuwa yake. Hakutuma mtu tena. Himaya ya joka ikaishia hapo, nje ya kizingiti cha bibi mmoja, na Siyawezi akabaki kwao.

Basi jifunzeni: mwenye nguvu akija na sheria zake, usikimbilie kubishana. Zisikilize mpaka mwisho, uone zinambana nani.

Hadithi yangu imekomea hapo. Sasa kila mtu na mkeka wake.