Siku Tatu Zisizoguswa Udongo Kinyungu

Nyie mabibi harusi mlioletwa hapa juzi, nimewasikia kisimani. Mnanong'ona ati wafinyanzi wa Kinyungu ni wavivu, siku nne wanafanya kazi, tatu wanajinyoosha. Ala! Wavivu sisi? Kaeni chini niwaeleze, kisha mkateke maji kwa adabu.

Hapo kale Kinyungu haikujua mapumziko. Kabla jogoo hajafungua mdomo, Bi Nyamizi, mkuu wa wafinyanzi, alikwisha kuwatoa wenzake vitandani. Siku zote saba walikanda, wakafinyanga, wakachoma. Chungu cha asubuhi jioni kiko motoni, kingali kibichi. Vingi vilipasuka, nao wakasema ni jicho la husuda la watu wa ng'ambo ya mto, wakafinyanga vingine. Uchovu uliwafikisha pabaya. Mmoja alifinyanga mtungi usio na mdomo, akashinda akiutazama, anajiuliza maji yataingilia wapi.

Basi mtemi akaagiza vyungu arobaini vya arusi ya binti yake, ndani ya siku kumi na tano. Wakishindwa, alisema, shimo la udongo watapewa hao wa ng'ambo. Jamani! Shimo lile ndilo lililowalisha watoto wa Kinyungu. Bi Nyamizi hakulala, wala hakumruhusu mtu kulala.

Siku ya saba, mjane mmoja aitwaye Kalunde alimaliza vyungu vyake vitano, akavipanga kivulini nyuma ya nyumba, akaketi mkekani apumue kidogo. Akalala siku tatu. Aliinuka kunywa uji tu, tena macho kayafumba, kisha akarudi mkekani. Bi Nyamizi akaja mlangoni akifoka, "Kalunde! Ukiamka usikanyage tena shimoni! Huna lako pale!" Kalunde akamjibu kwa mkoromo.

Siku ya kumi wakachoma vyungu vyote pamoja, vyao vingali vibichi, na vya Kalunde humo humo. Wee! Pu! Pa! Kuku walikimbilia porini. Moto ulipozimika, vyungu thelathini na vitano vilikuwa vigae. Vitano vilisimama vizima, navyo ni vya yule mlalaji.

Bi Nyamizi akamwendea mbio. "Umevitia dawa gani?"

"Nililala, mama."

"Kulala tu?"

"Na kukoroma kidogo."

Bi Nyamizi alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Alifahamu sasa kwamba vyungu vile vilikauka polepole kivulini kwa sababu hakuna aliyevisumbua. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Shimo ni lako kama lilivyo langu."

Zilibaki siku tano. Kwa siku moja wakafinyanga vyungu thelathini na vitano, wakaviweka kivulini. Halafu Bi Nyamizi akashika fimbo, akapita nyumba hata nyumba. "Wewe! Unashika udongo wa nini? Lala! Nisikie mkoromo!" Siku tatu wanawake walilala, kwanza kwa woga, baadaye kwa raha.

Aliyeshindwa ni yeye mwenyewe. Alijilaza, vidole vikawa vinafinyanga hewa. Alihofia shimo, masikini, na alikuwa hajui kupumzika kunaanzia wapi. Wanawe wakamwonea huruma, wakaleta maji ya uvuguvugu, wakamwosha mikono. Udongo wa miaka ulitoka tabaka kwa tabaka. Kifunguamimba wake, mwanamke mzima mwenye watoto wake, akakishika kile kiganja, akakigeuza, akakitazama sana.

"Kumbe mama," akasema, "mikono yako ni kama yangu."

Bi Nyamizi alilia. Katikati ya kulia, usingizi ukamchukua.

Siku ya tano walichoma. Hakikupasuka hata kimoja. Mtemi alipata vyungu vyake arobaini, na shimo likabaki letu.

Ndiyo maana mpaka hivi leo, Kinyungu udongo hushikwa siku nne na kuachwa siku tatu, na siku ya kwanza ya mapumziko watoto huwaosha mama zao mikono. Wageni wakituuliza, tunawaambia ni ili vyungu vikauke. Lakini nyie sasa ni wa hapa, sitawaficha. Vyungu vingekauka hata tusipooshwa mikono.